Saa Nne na Dakika Kumi

Dirishani kwetu, saa zote ni saa nne na dakika kumi.
Akrabu mbili zimeinuliwa kama mikono ya mwenyeji mlangoni,
jina la kampuni likae katikati, lisizibwe.
Gallus Zumbühl alinifundisha hilo siku ya kwanza:
"Saa ya kuuza haisemi wakati. Inasema karibu."

Miaka kumi na tisa nimekaa chumba cha nyuma,
lenzi jichoni, kibano mkononi,
duka nikilijua kwa masikio.
Niliujua mwaka kwa viatu vyake.

Vilianza viatu vya mabasi:
watu arobaini wa Chengdu, dakika ishirini na tano,
kiongozi wao na kibendera cha manjano.
Peishan, muuzaji wetu, alihesabu kwa lugha yao
upesi kuliko mashine ya kadi,
na jioni tulinywa mvinyo kwa vikombe vya chai,
hakuna aliyebaki na nguvu ya kuosha bilauri.

Mabasi yakawa mawili. Likawa moja.
Akawa dereva peke yake, anaomba choo.

Vikaja viatu vya raba.
Hao walitaka saa ya aina moja tu, ya chuma, uso wa buluu,
ambayo kampuni hutuletea nne kwa mwaka.
Tukafungua daftari. Majina mia mbili na sitini.
Mmoja alingoja miaka mitano, akaja kuichukua amevaa tai,
akamshika Gallus mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlenga,
na Ijumaa tukaiona mtandaoni
ikiuzwa maradufu, utando wa plastiki haujabanduliwa.
Gallus hakusema kitu.
Alilikata jina lile kwa rula.

Mwaka wa pili bei za mtandaoni zikaporomoka,
na walewale wakapiga simu: nifuteni, nifuteni.
Jana foleni bila saa,
leo saa bila foleni.

Barua ilifika Novemba, karatasi nzito kama mwaliko wa harusi.
Kampuni inatushukuru kwa miaka sitini na minane.
Kampuni itafungua duka lake yenyewe, ng'ambo ya mto Reuss,
"ili kumkaribia mteja."
Peishan aliisoma mara mbili.
"Kwani sisi tulikuwa tumemweka wapi?"
Basi tulikuwa yaya. Mama mtu kaja kumchukua mwanawe,
na mtoto hakugeuka nyuma.

Januari, theluji, wanaume wawili wenye glavu.
Walihesabu saa. Walihesabu mito ya mahameli
na mashimo yake madogo, kama vitanda vilivyoamkwa sasa hivi.
Walichukua funguo za makabati,
na mwisho wakaishusha saa kubwa ya ukutani,
kwani kumbe hata hiyo ilikuwa ya kuazima.
Gallus aliwashikia ngazi wasianguke.

Rangi ya ukuta imefifia kote, ila pale:
duara jeupe, upana wa sinia.

Meza yangu sasa iko dirishani.
Watoto wa shule hubandika pua kwenye kioo
kutazama gurudumu dogo kuliko punje ya mtama.
Peishan amehamia ng'ambo ya mto; amepewa sare.
Mchana huja kula nasi mkate na jibini, hatumuulizi mauzo.

Na huja Bi Odermatt, kila Alhamisi, na saa ya marehemu.
Mara ya kwanza alitaka kuiuza.
Simu yake ilimwambia faranga elfu tatu;
Gallus akamwambia mia tisa, ndiyo haki yake.
Aliufunga mkoba kwa hasira. Wiki iliyofuata alirudi,
eti niitie ufunguo,
ilhali vidole anavyo, na saa yenyewe hujijaza.
Naizungusha taji polepole. Anainamisha sikio.

Kisha huinua macho ukutani, kwenye lile duara,
na kila Alhamisi hushtuka:
"Mungu wangu, nimechelewa."